Tundu la Panya

Jina lilikosewa tangu siku ya kwanza, na makosa mengine yakaja kwa mlango huohuo. Muuguzi mmoja wa Kizungu, aliyekuwa akizunguka vijijini na sanduku la chanjo, alipomaliza muda wake aliiachia kwaya ya kigango kimoja cha Nyakatuntu gitaa lake dogo la nyuzi nne. Akasema linaitwa ukulele. Katekista Evaristi, ambaye Kiswahili alikijua kwa vitabu vya sala na hakupenda neno limshinde mbele za watu, akasikia ukelele. Jumapili akatangaza kwamba kwaya imepewa ukelele. Waumini wakatazamana, maana ukelele kila mtu anaujua, ni ule unaoupiga ukikuta nyoka jikoni. Lakini katekista ameshasema, nani wa kumrudi? Likawa ndilo jina.

Kantengwa, mke wa Theoneste seremala, alikuwepo kanisani siku hiyo, benchi la nyuma kabisa, na hakusikia hata neno moja la tangazo lile.

Zamani asingekaa nyuma. Hadi mwaka wa vita vya Kagera yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo, na hata wale mama wa Kinyambo ambao hawakuwa wamewazoea sana hawa watu waliokuja utotoni kutoka Rwanda walikubali kwamba Kantengwa ana koo. Mwaka uliofuata vita akaanza kukohoa damu. Akalazwa, akachomwa sindano za kifua kikuu kila asubuhi kwa miezi. Kifua kikapona. Masikio yakabaki na mlio usiokatika, na nyuma ya mlio huo dunia ikaanza kuondoka kidogo kidogo: kwanza ndege, halafu kengele ya kigango, halafu sauti ya binti yake Therese akiita kutoka shambani. Daktari alimwambia kwa upole kwamba dawa ile humfanyia hivyo mtu mmoja mmoja, na kwamba bila dawa ile angekuwa kaburini. Kantengwa alishukuru, kwa sababu ndivyo mtu anavyotakiwa kufanya. Moyoni hakushukuru hata kidogo.

Sauti yake mwenyewe aliendelea kuisikia, lakini kwa ndani tu, ndani ya mifupa ya kichwa, kama mtu aliyetumbukiza kichwa mtungini. Za wenzake hakuzisikia. Basi akiimba na kwaya alikuwa anakwenda njia yake, wenzake njia yao. Hakuna aliyemwambia. Ila Jumapili moja aliona kwamba Laurensia, aliyekuwa akikaa kushoto kwake tangu usichana, amesogea. Jumapili iliyofuata na wa kulia akasogea. Alipojikuta ana nafasi ya watu wawili kila upande, akaelewa. Akahamia nyuma, akafunga mdomo, na nyumbani pia akaufunga. Mumewe alimwona akipepeta maharage kimya, yeye ambaye hakuwahi kupepeta bila wimbo.

Theoneste hakuwa mtu wa maneno mazuri, na hilo ni vizuri lijulikane mapema. Alikuwa fundi mwaminifu wa milango, vitanda na majeneza, mwembamba, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, na jambo likimkera hulisema palepale. Ndizi zikizidi chumvi alisukuma sahani na kutamka kwamba zimezidi chumvi, hata mbele ya wageni. Ukimpa kiti chako akirekebishe, kwanza atakusimulia ubaya wa fundi aliyekitengeneza. Kantengwa alimpenda hivyo. Alisema mwanamume wa namna hiyo hampi mtu kazi ya kubahatisha.

Ukelele wa muuguzi uliwekwa sakristia, na sakristia ya kigango ilikuwa na mende na panya wengi kuliko waumini. Katekista Evaristi, kwa kuwazuia mende, akachukua picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, akaigandisha juu ya tundu la mbele kwa gundi, na juu yake akapaka vanishi. Ikapendeza. Mende wakashindwa. Panya yeye hakusumbuka na picha. Alitafuna ubavu, upande wa juu karibu na shingo ya chombo, pale panapoelekea uso wa mpigaji, akatoboa mlango wake.

Mwaka mmoja baadaye kwaya ikataka ukelele wa pili, na katekista akampelekea Theoneste ule wa kwanza awe na mfano wa kuiga. Theoneste hakuwa ameona chombo cha namna ile maishani. Baba yake alikuwa mpiga inanga, kile chombo cha nyuzi cha kwao, na inanga haina tundu la kutafuta, yote iko wazi. Akakigeuza kitu kile, akakipima kwa kamba, akagonga kila upande. Picha aliichukulia kuwa pambo tu, maana mabasi nayo huwa na picha. Tundu la ubavuni akalipima kwa makini kuliko yote, kwa sababu alijua sauti lazima itokee mahali. Kingo zake zilikuwa na mikwaruzo mikwaruzo. Theoneste akasikitika kwamba Mzungu yule alifanya kazi kwa haraka. Katika ule wa kwake alizisafisha kingo hizo kwa tupa na msasa mpaka zikawa laini kama sikio la mtoto.

Mwili aliutengeneza kwa mbao ya msizi, uso kwa ubao mwembamba wa masanduku ya majani ya chai, nyuzi kwa mshipi wa kuvulia uliotoka Bukoba. Kwaya wakaujaribu, wakaurudisha. Walisema ni mzuri kwa macho, ila ukiupiga aliyekaa benchi la tatu hapati kitu. Wakafanya na mzaha kabisa, ukelele usio na kelele. Theoneste akautundika kwenye msumari ukutani, akarudi kwenye vitanda vyake.

Ulikaa hapo mpaka siku Kantengwa alipoushusha kuupangusa vumbi. Aliuegemeza kifuani, kitambaa mkononi, na kitambaa kikakwaruza nyuzi. Kitu kikapanda usoni kwake.

Alifikiri ni mlio wake wa siku zote umebadilika. Akagusa uzi mmoja kwa kidole. Kikapanda tena, safi, kidogo, mahali pake. Akagusa wa pili, ukawa tofauti na wa kwanza, na ni hilo la tofauti lililomwangusha kwenye kigoda, kwa maana mlio wa ugonjwa hauna wa kwanza na wa pili. Akampigia mumewe kelele za kweli kweli. Theoneste akaacha randa juu ya mbao, akaingia mbio akidhani ni nyoka.

"Nausikia," Kantengwa alimwambia. "Baba Therese, huu nausikia."

Theoneste alisimama pale mlangoni, mtu asiye na maneno mazuri, akajipangusa uso kwa mkono uliojaa vumbi la mbao mpaka macho yakawasha. Halafu akauliza kama ndizi ziko tayari.

Kwa nini alikuwa akiusikia, hawakuulizana. Kantengwa alisema ni Mungu. Theoneste alisema ni msizi, mti wenye sauti. Kwamba lile tundu la ubavuni lilikuwa likimwagia sauti yote usoni kwake, na kuwanyima waliokaa mbele, hakuna aliyewaza. Tundu ni tundu, nani angelitilia maanani?

Kuanzia hapo nyumba ikawa na jioni. Kantengwa alijifunza vidole, akajifunza kukaza na kulegeza, na alipokwisha kushika nyuzi aliweza kuifuata sauti yake kwa nyuzi hizo, akaiweka palepale zilipo. Aliimba nyimbo za kumbembeleza mtoto alizoachiwa na mama yake, na akatunga za kwake, za maharage, za Therese, moja ya kumcheka katekista Evaristi. Theoneste alikaa kwenye kizingiti akinoa patasi, na baada ya kila wimbo alinyoosha kidole kimoja juu na kusema tena. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kusifu, hakuwa na jingine. Wapita njia walisimama kwenye migomba kusikiliza sauti ya Kantengwa. Ukelele wenyewe hawakuusikia.

Theoneste alitengeneza nyingine kadhaa kwa mfano uleule, na hapo Kiswahili kikamcheka, maana ukelele ukishakuwa zaidi ya mmoja unakuwa kelele. Watu walisema nyumba ya seremala ina kelele ukutani ambazo hazimwamshi mtoto. Hata hivyo wachache walinunua. Mmoja alikuwa Nyirabageni, mjane mcheshi wa upande wa bondeni, aliyesema yeye hapigii kanisa, anapigia wajukuu, na wajukuu wako mapajani. Baadaye alihamia kwa mwanawe Kaisho, akaenda na ukelele wake.

Mwaka wa themanini na sita ilikuja sikukuu kubwa ya kwaya, na mwalimu mmoja wa muziki aitwaye Rwegasira akapita vigangoni kuziandaa. Alipoona ukelele wa muuguzi aliuomba, akaugeuza, akabandua kona ya Moyo Mtakatifu kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na tundu la duara, zuri, limezungushiwa utepe wa mbao nyeusi. Akauliza nani aliyeziba. Halafu akaona kazi ya Theoneste, ukelele alioununua mwanakwaya mmoja, imetundikwa jirani, yenye uso mzima na tundu la ubavuni lililopigwa msasa vizuri, akaelewa kilichotokea, akacheka mpaka akashika meza. Tusimlaumu mwalimu. Mtu yeyote angecheka. Akawaeleza wanakwaya, Theoneste akiwa amesimama palepale na kofia mkononi, kwamba fundi wao ameiga tundu la panya.

Jina hilo lilitangulia kufika nyumbani kuliko mwenyewe. Mnadani walimwita Tundu la Panya. Omurushaka, alikokwenda kununua misumari, mwenye duka alimwuliza kama anatafuta misumari au mtego. Mtu aliyezoea kusimulia ubaya wa mafundi wengine hana wa kumwonea huruma siku yake ikifika. Theoneste aliacha kwenda mnadani. Kisha akapandwa na hamaki ya kazi.

Alijenga maboksi ya msizi, moja baada ya jingine, na kila moja akalitoboa mahali tofauti. Jirani yake Projest, seremala mwenzake, alisimamishwa mwisho wa shamba, kule migomba inakopakana na kahawa, na agizo lilikuwa kwamba akisikia anyanyue kofia. Kantengwa alikuwa akichuma kahawa hapo kati, na majaribio yale aliyafuata kwa macho tu. Tundu likiwa karibu na shingo, kofia ilinyanyuka nusu. Projest alisema sauti inafika lakini ni nyembamba. Likiwa chini karibu na kile kijiti kinachobeba nyuzi, ubao ulilegea ukaanza kuzama na kofia haikusogea kabisa. Matundu mawili madogo yalileta ubishi. Mpaka siku moja Theoneste alilitoboa juu kidogo ya katikati, upana wa kikombe cha kahawa, akapiga, na Projest akanyanyua kofia, akaipunga, akaitupa juu. Kantengwa alicheka akiwa peke yake kwenye mibuni. Alifurahi kuona mumewe amenyanyua kichwa.

Senene walipoanza kuanguka, Therese, aliyekuwa ameolewa Omurushaka, akajifungua, na mama yake akaenda kumwuguza. Akakaa mwezi na kitu. Aliporudi, Theoneste alimpokea mzigo barabarani, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, na hata maji hakumpa nafasi ya kunywa. Akamkalisha kwenye kigoda. Akamletea ukelele wake.

Tundu la ubavuni halikuwepo. Alikuwa amelijaza kipande cha msizi uleule, mshipa wa mbao ukaungana na mshipa, akapiga msasa, akapaka rangi ya kahawa, usingejua kama pamewahi kutobolewa. Mbele palikuwa na tundu la duara, na kulizunguka aliweka utepe wa pembe ya ng'ombe aliouchonga kwa wembe. Kitu kizuri mno. Kantengwa akauegemeza kifuani akapiga.

Hakusikia.

Akapiga kwa nguvu. Akapiga uzi mmoja mmoja. Aliona nyuzi zikitikisika na akahisi mbao ikitetemeka mbavuni mwake, na usoni hapakupanda kitu. Kule kwa Therese, mwezi mzima, hakuwa ameshika ukelele. Basi akajua, au akadhani anajua, kwamba katika mwezi huo masikio yake yamemalizika. Aliwahi kuambiwa kwamba huenda siku hiyo ikaja. Ilikuwa imekuja akiwa anamwosha mjukuu, na wala hakuiona ikipita. 

Akainua macho. Mbele yake amechuchumaa Theoneste, uso umemng'aa kama wa kijana anayechumbia, midomo ikisema taratibu ili aweze kuisoma: "Unausikia sasa?"

Angefanyaje? Mtu amechekwa wilaya nzima, ameinamia mbao nusu mwaka, na kazi yake bora kuliko zote amempa mkewe. Umwambie kwamba umeshakufa masikio, hujui hata kama ukelele wake unalia?

"Nausikia," Kantengwa alisema. "Safari hii unasikika kweli."

Ikawa hivyo kwa miaka saba. Fundi alipona aibu. Kwaya za Omurushaka na za Bukoba zilituma watu kuagiza, hata mwalimu Rwegasira alinunua, na zile za zamani zenye tundu la panya Theoneste alizitafuta nyumba kwa nyumba, akazibadilisha bure, akazipasua kuni. Ule wa Nyirabageni tu ndio haukupatikana. Na kila jioni Kantengwa alikalia kigoda na kupiga kwa kumbukumbu ya vidole, na kuimba kwa ile sauti ya mtungini, bila nyuzi za kuishikia. Mwanzoni aliogopa. Aliikumbuka Jumapili ile ya benchi. Lakini Theoneste alibaki kwenye kizingiti na patasi yake, na wimbo ukiisha kidole kilinyanyuka, midomo ikasema tena. Kantengwa akajipa moyo. Mume asiyeweza kumeza ndizi zilizozidi chumvi angevumilia wimbo mbovu? Kumbe sauti bado ipo, vidole vinaiongoza. Alijutia masikio, akalia kisirisiri shambani, lakini hilo la sauti lilikuwa faraja yake, na aliishika kwa mikono miwili. Aliona kwamba wapita njia hawasimami tena kwenye migomba, akasema moyoni kwamba watu siku hizi wana haraka.

Mwaka wa tisini na tatu Theoneste alivimba tumbo. Hospitali walimpima, wakamlaza, kisha wakamrudisha nyumbani kwa maneno ya upole, na kila mtu akaelewa maana yake. Kitanda chake kilisogezwa karibu na dirisha. Siku moja ya jua kali Nyirabageni akatokea kutoka Kaisho, amezeeka, amekonda, mcheshi vilevile. Alikuwa na safari ya Omurushaka, na kwapani amebeba ukelele wake umekatika nyuzi mbili. Aliposikia hali ya fundi alitaka kuondoka nao. Kantengwa akamwambia auache, yeye mwenyewe anajua kufunga nyuzi, atauchukua akirudi.

Alikaa uani, chini ya paa la karakana, akafunga uzi wa kwanza, akaukaza. Kwa mazoea tu akauegemeza kifuani na kuugusa.

Kitu kikapanda usoni kwake.

Kilikuwa chembamba kuliko zamani, lakini ni chenyewe.  Akagusa tena. Halafu, kwa sababu alikuwa mke wa fundi na aliwahi kuona kofia ya Projest ikinyanyuka na kushuka, akaweka kiganja juu ya lile tundu la ubavuni. Sauti ikafa. Akaondoa kiganja, ikarudi. Akaziba, akazibua, akaziba, akazibua. Akaingia ndani kuchukua ukelele wake mzuri wa utepe wa pembe, akatoka nao, akaugeuza uso kwa uso kama mtu anayejitazama kwenye kioo, akakwaruza nyuzi. Ukasema. Ulikuwa ukisema miaka yote saba, ila ulikuwa ukiwaambia Projest na migomba.

Hasira iliyompanda hapo hakuwahi kuijua. Si kwa Mungu, si kwa sindano. Kwa Theoneste. Kwa nini hakuuliza? Kwa nini hakungoja arudi? Miaka saba ya jioni, zote zimeliwa na aibu ya mwanamume mmoja aliyechekwa sokoni. Alisimama, ukelele wa Nyirabageni mkononi, akaingia chumbani kwenda kumwambia. Hakuwa na nia ya kumwonea huruma.

Theoneste alikuwa macho. Alipomwona, alimwashiria akae mahali ambapo mwanga wa dirisha ungempiga yeye usoni, walivyozoea, ili midomo isomeke. Aliona alichoshika, akakitambua, na uso ukamharibika.

"Huo ndio wa mwisho," alisema polepole. "Mama Therese, kuna neno limenikaa rohoni tangu mwaka ule wa mwalimu. Nilikuacha miaka mitano unapiga kitu chenye tundu la panya. Wewe, mke wa fundi. Nilipojua, aibu ilinifunga mdomo, sikuwahi kukuomba radhi. Nisamehe."

Kantengwa alikuwa na maneno yote mdomoni, tayari. Alitazama mikono ya mumewe juu ya blanketi, imebaki mifupa na makovu ya patasi. Alimtazama macho. Yalikuwa yanamngoja. Miaka mitano ile ndiyo pekee aliyosikia kitu tangu augue, na ndiyo huyu anaiombea msamaha.  Akauweka ukelele wa Nyirabageni chini ya kitanda, nje ya macho yake.

"Nimekusamehe, Baba Therese," akasema.

"Na wa sasa ni mzuri?"

"Ni mzuri. Unafika mpaka kwa Projest."

Theoneste alitabasamu, mabega yakalegea, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Akamwomba ampigie. Kantengwa akauleta ule wenye utepe wa pembe, akaimba wimbo wa mama yake, haoni vizuri kwa machozi, hasikii kitu. Ulipoisha, kidole kilinyanyuka juu ya blanketi. Akauimba tena. Siku tatu baadaye alimfumba macho kwa mkono wake.

Walimzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Projest alitengeneza jeneza, na akasema wazi kwamba marehemu angelisimulia ubaya wake. Nyirabageni alifika kuhani matanga yakiwa yamekwisha anuliwa. Kantengwa alimletea ukelele wake, nyuzi zote nne mpya, halafu akamletea na ule wa utepe wa pembe, akamwomba wabadilishane. Mjane mwenzake alishtuka. Alisema kwa ishara na kwa midomo kwamba hawezi kufanya wizi msibani, huo ndio ukelele bora kuliko zote alizotengeneza marehemu, na huu wake una tundu la panya, dunia nzima inajua. Kantengwa akamfungia ule mzuri kwenye kitenge, akamsindikiza hadi barabarani. Watu waliopata habari walisema huzuni imemvuruga akili.

Jioni hiyo alikalia kigoda chake, kizingiti kitupu mbele yake. Alikaza nyuzi polepole. Zilipanda usoni, nyembamba, kila moja mahali pake, na akafurahi, ndiyo, alifurahi katikati ya uchungu wake. Akaanza wimbo wa mama yake.

Nyuzi zilikwenda huku, sauti yake ikaenda kule. Akasimama, akadhani amekosea pa kuanzia. Akaanza upya. Kwa mara ya kwanza tangu ukelele wake uzibwe tundu la ubavuni alikuwa na kitu cha kupimia sauti yake, na alipoipima aliikuta mbali, imepinda, ikitafuta mahali na kupakosa, neno baada ya neno, hadi mwisho wa ubeti. Haikuwa kosa la siku moja. Ilikuwa sauti ambayo kwaya nzima ingehama benchi kuikimbia. Ndiyo aliyoimba kando ya kitanda cha mgonjwa, na kila jioni kwa miaka saba.

Na mtu asiyeweza kumeza ndizi zilizozidi chumvi alikuwa amekaa pale kizingitini, hana alichoziba masikio, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha kidole na kusema tena.

Kantengwa aliweka paji la uso juu ya ubavu wa ukelele, pale penye tundu, akalia kwa sauti ambayo ukelele wenyewe uliirudisha usoni kwake. Akalia mpaka ikatosha. Halafu akajipangusa kwa kona ya kanga, akatafuta uzi wa kwanza kwa kidole, akauanza wimbo tena.